Timu Yetu: Stendi, Mgodi na Maana Mbili za Kumiliki

Kiswahili hutumia neno moja la kumiliki kwa mambo mawili yaliyo mbali mno. Mtu husema "nyumba yangu", na mtu huyohuyo husema "mji wangu", wala hakuna anayemsahihisha. Nyumba yake aweza kuiuza, kuirithisha, kuiweka rehani au kuibomoa akajenga nyingine. Mji wake hana uwezo wa kuufanyia hata moja katika hayo. Katika kauli ya kwanza mtu ndiye mwenye kitu. Katika ya pili, aghalabu, kitu ndicho chenye mtu, kwa kuwa mji ndio uliompa lafudhi, jamaa, na pengine mahali pa kuzikwa. Lugha haikuona haja ya kuzitenga maana hizo, na katika mambo mengi ya maisha haja hiyo haipo.

Nayo kauli ya "timu yetu" iwekwe katika fungu lipi? Swali huonekana la mzaha maadamu timu haina kitu. Wachezaji wanaposafiri kwa nauli ya kuchangiwa, na jezi zinapofuliwa nyumbani kwa mmoja wao, hakuna agombeaye kumiliki gharama. Kila mtu husema "yetu" kwa moyo mweupe. Siku fedha ziingiapo ndipo hubainika kwamba watu waliokuwa wakilitamka neno moja walikuwa na maana mbili vifuani. Historia fupi ya Stand United ya Shinyanga katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara, tangu mwaka 2014 hadi 2019, ni historia ya mpira. Lakini yafaa isomwe pia kama kesi ya kimaadili, kwa sababu kilichogombewa humo ni maana ya kumiliki.

Jina lenyewe laeleza asili. "Stand" ni stendi ya mabasi ya Shinyanga, na walioianzisha timu ni wapiga debe wa hapo. Mpiga debe ni mtu asiyetajwa katika vitabu vya uchumi. Huita abiria, hupakia mizigo, hulijaza basi mpaka liondoke, kisha hubaki palepale alipokuwa, na ujira wake ni kidogo apewacho kwa kila basi lililojaa. Huuza safari asizosafiri. Katika mji ulio kwenye njia kuu ya kwenda Mwanza, uliozungukwa na pamba, ng'ombe, almasi na dhahabu, watu wa namna hiyo walijipatia kitu chao wenyewe. Mashabiki wakaiita "Chama la Wana", na mwaka 2014 chama hilo likapanda Ligi Kuu, pamoja na Ndanda ya Mtwara na Polisi Morogoro. Uwanja wake wa nyumbani ukawa Kambarage.

Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Malindi, Miembeni, Mlandege na Kikwajuni ni majina ya mitaa kabla ya kuwa majina ya klabu, na mtoto aliyezaliwa Kikwajuni haulizwi kwa nini anaishabikia Kikwajuni. Tofauti ya Shinyanga ni moja: mtaa una wakazi, ilhali stendi ina wapitaji. Waliobaki stendi walikuwa wale wenye kazi ya kuwaondosha wengine, nao wakaifanya stendi kuwa mtaa. Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Watu wasio na ardhi wala hisa walisema kwa mara ya kwanza "yetu" juu ya kitu ambacho nchi nzima ililazimika kukitambua, hata Simba na Yanga wakalazimika kukifuata Kambarage.

Mwaka 2015 akaja mdhamini. Alikuwa Acacia, kampuni iliyomiliki migodi ya dhahabu ya Buzwagi na Bulyanhulu mkoani Shinyanga, na North Mara mkoani Mara. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulikuwa na historia yake katika masikio ya Watanzania hata kabla ya kutoa dhahabu. Mwaka 2007 Waziri wa Nishati na Madini alitia saini mkataba wa mgodi huo mjini London, na Agosti ya mwaka huo Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa baada ya kuitaka Bunge iuchunguze mkataba huo. Kwa muda jina la Buzwagi likawa jina la swali: dhahabu iliyo chini ya ardhi ya watu ni ya nani? Mgodi ulipoanza uzalishaji mwaka 2009, sheria ya madini iliyokuwapo, ile ya mwaka 1998, iliipa serikali mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu. Kiwango hicho kilipandishwa kuwa asilimia 4 mwaka 2010, na asilimia 6 mwaka 2017.

Kwa hiyo fedha zilipoingia Stand United hazikuingia zikiwa tupu. Ziliingia zikiwa na hadithi nyuma yake, na kila aliyezipokea alikuwa ameisikia hadithi hiyo kwa namna yake.

Lugha nayo ilichangia. "Udhamini" ni neno la kale kuliko mpira. Mdhamini wa mahakamani ni mtu anayejitia shingoni deni la mwenziwe: mshitakiwa akitoroka, yeye ndiye atakayeulizwa. Katika maana hiyo mdhamini hana ruhusa ya kuondoka kabla ya kesi kwisha. Kubaki kwake ndiko udhamini wenyewe. Neno lilipohamia uwanjani lilibaki na heshima yake lakini likapoteza masharti yake. Mdhamini wa timu hutoa fedha kwa muda uliokubaliwa, jina lake huandikwa kifuani mwa wachezaji, na muda ukiisha au mambo yakiharibika huondoka bila ya kuulizwa. Hapana udanganyifu katika hilo, kwani mkataba husema wazi. Hata hivyo shabiki asikiapo "mdhamini" husikia ile maana ya kale, ya mtu atakayesimama naye mpaka mwisho.

Palikuwa na utata mwingine, nao ni wa hisani na deni. Kwa kampuni, fedha za timu ni hisani: sheria haikuilazimisha kuitoa hata shilingi moja kwa ajili ya mpira. Kwa mtu wa Shinyanga aonaye magari ya mgodi yakipita, fedha hizo zaweza kuonekana kama sehemu ndogo ya haki iliyochelewa. Kila upande una hoja. Anayetoa hisani hustahili shukrani, naye ana haki ya kuuliza imetumikaje. Anayelipa deni hastahili shukrani, wala hana haki ya kuuliza, kwani mdai hamwelezi mdaiwa alivyozitumia fedha zake. Madhali pande mbili hazikukubaliana kama kilichotolewa ni hisani au ni deni, hazikuweza kukubaliana pia juu ya nani amhesabie nani.

Mwaka 2016 ufa ukaonekana. Upande mmoja ulisema Stand United ni kampuni iliyosajiliwa, nayo kampuni ndiyo yenye mamlaka juu ya timu. Upande wa pili ulisema Stand United ni klabu ya wanachama, na wanachama ndio wenye kuchagua viongozi. Wahenga walikwishasema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na mwaka huohuo Acacia ikajitoa.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa, na wengi waliwacheka. Lakini hoja zao, zikiwekwa mbali na majina ya wenye kuzisema, ni hoja za haki. Mwenye kuitetea kampuni aweza kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha nyingi hazitunzwi kwa kelele za mkutano. Zahitaji mtu mmoja wa kuwajibika, hesabu za kukaguliwa, na saini isiyobadilika kila baada ya mechi kupotea. Mwenye kuwatetea wanachama aweza kujibu: daftari hilo limefunguliwa lini? Siku za nauli za kuchanga hapakuwa na kampuni. Mtu akizuka siku ya mavuno na karatasi inayomtambua kuwa mwenye shamba, aliyelima ana haki ya kuuliza karatasi hiyo iliandikwa wapi. Wa kwanza asema kweli juu ya namna kitu kinavyohifadhiwa. Wa pili asema kweli juu ya namna kitu kilivyopatikana. Kosa la wote wawili ni kudhani kwamba ukweli wake watosha kujibu swali la tatu, ambalo ndilo swali hasa: kitu hiki ni cha namna gani?

Watu wengi walitoa jibu jepesi, kwamba fedha ndizo zilizoiua timu. Matukio hayaungi mkono jibu hilo. Septemba ya mwaka huohuo wa mgogoro, Stand United iliwafunga Yanga, waliokuwa mabingwa watetezi, bao 1-0 pale Kambarage. Januari 2019, miaka zaidi ya miwili baada ya mgodi kuondoka, iliwafunga tena Yanga 1-0, nacho kikawa kipigo cha kwanza cha Yanga katika ligi ya msimu ule. Timu iliyokufa haifungi namna hiyo. Ilishuka daraja Mei 2019, pamoja na African Lyon, ikiwa imedumu misimu mitano. Fedha hazikuiua, zilifanya kazi ya jiwe la kusugulia dhahabu, ambalo haliongezi wala halipunguzi kitu katika madini, ila huonyesha yaliyomo. Ufukara ulikuwa umelificha swali, na fedha zikalifichua.

Mtu aweza kusema basi: dawa ni kuwa na mwenye mali mmoja asiyebishaniwa. Ukanda uleule umekwisha kuijaribu dawa hiyo. Mwadui, wilayani Kishapu, timu ilikuwa ya mgodi wa almasi wenyewe, ule uliotokana na ugunduzi wa John Williamson wa Kanada mwaka 1940. Hapo hapakuwa na stendi ya kugombana na kampuni. Mwadui ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015, ikashuka mwaka 2021. Mjini Geita timu ilikuwa ya halmashauri ya mji, ikidhaminiwa na mgodi mkubwa wa GGML, na jina lake, Geita Gold, limebeba dhahabu ndani yake. Mwaka 2016, ilipokuwa ikitafuta kupanda, iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 siku ambayo Polisi Tabora, mpinzani wake wa kupanda, nayo iliifunga JKT Oljoro 7-0. Shirikisho la mpira, TFF, liliziadhibu timu zote nne kwa kupanga matokeo, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Geita Gold ilipanda kwa haki mwaka 2021. Katika msimu wake wa kwanza mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, na timu ikapata nafasi ya kushiriki Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Mwaka 2024 ikashuka.

Basi timu ya watu ilidumu misimu mitano, timu ya mgodi misimu sita, timu ya halmashauri misimu mitatu. Mmiliki wazi ni bora kuliko mmiliki wa kubishaniwa, hilo halina shaka, lakini uwazi wake haukuziokoa. Mabao yale 8 ya mwaka 2016 nayo yana somo lake. Anayeiona timu kuwa chake kama nyumba aweza kujiambia kwamba ushindi ni bidhaa, na bidhaa hununuliwa. Anayeiona kuwa yake kama mji hawezi kujiambia hivyo bila ya kuona haya, kwa maana hakuna awezaye kununua sifa ya mji wake na bado akaamini kwamba ni sifa.

Liko jambo ambalo timu hizi zote ziliegemea, nalo ni mgodi. Na mgodi una tabia isiyofanana na mpira. Mgodi huzaliwa na umri wake umekwisha kukadiriwa. Kabla ya jembe la kwanza wataalamu wamepima tani za mwamba na gramu za dhahabu ndani yake, na mpango wa kuufunga ni sehemu ya mipango ya kuufungua. Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Eneo lake likaelekezwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Hapana aibu wala msiba katika hilo, ndivyo migodi ilivyo. Timu ya mpira haina mpango wa kufungwa. Hakuna mzee anayemvisha mjukuu wake jezi huku akijua mwaka ambao jezi hiyo itakosa maana. Kukitundika kitu kisicho na mwisho juu ya kitu kilichozaliwa na mwisho wake ni sawa na kufunga jahazi kwenye mti unaoelea. Mti haukufanya kosa. Kosa ni la aliyefunga.

Watu wa pwani wanayo fikra ya kale iwezayo kusaidia hapa, nayo ni wakfu. Kiini chake ni kuizuia asili ya mali na kuyaachia manufaa yake: kisima hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi, na maji yake huteka kila mwenye ndoo. Aliyekitoa hakimiliki tena, walakini jina lake hudumu. Wanaoyateka maji hawakimiliki, walakini haki yao ya kuteka haimtegemei mtu. Msimamizi naye hakimiliki, ila ameshika ufunguo na daftari, na ana wa kumuuliza. Wakfu hutenganisha mambo matatu ambayo neno "yetu" huyachanganya: nani alikitoa kitu, nani anufaike nacho, na nani akitunze. Wale wa Shinyanga waligombana kwa sababu kila upande ulidhani kwamba mwenye moja kati ya haya huwa na yote.

Yako mapingamizi mawili ya haki. La kwanza, kwamba wakfu wenyewe si kinga. Msomaji wa visiwani anazijua nyumba za wakfu zilizobomoka huku wasimamizi wakinenepa, na kama wakfu ungejitunza wenyewe, pasingehitajika kamisheni ya kuusimamia. Hilo ni kweli. Lakini anayekula mali ya wakfu hujulikana kuwa mwizi, hata asiposhitakiwa. Ilhali katika mgogoro wa stendi hapakuwa na aliyeweza kuitwa mwizi, kwa kuwa hapakuwa na makubaliano juu ya kilicho cha nani. Kujua kwamba kosa ni kosa hakulizuii, lakini pasipo kulijua hakuna hata pa kuanzia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wakfu hutaka mwenye kutoa aachilie. Tajiri aachiliaye kisima kimoja kati ya vitano alivyonavyo hupata thawabu na hubaki tajiri. Mpiga debe, ambaye timu ndiyo kitu pekee alichowahi kukiita chake mbele ya watu, anaambiwa akiachilie nacho, kwa manufaa ya wote. Je, ni uadilifu kumtaka maskini awe wa kwanza kukunjua mkono? Jibu la haraka ni hapana, na jibu hilo lina uzito wake. Lakini tukio lenyewe laonyesha kwamba kilichokuwa na thamani kwa mpiga debe hakikuwa hati. Hakuna aliyepanda juu ya kiti pale Kambarage kwa furaha ya kumiliki asilimia fulani. Alichokipata ni jina lake kutajwa na nchi, na hicho hakipungui kwa kugawanywa. Awezalo kulidai kwa haki ni kwamba asili isifutwe: kwamba jina la stendi lisiuzwe, na kwamba wa stendi wasikose kiti mezani. Kinachobaki, yaani fedha, hesabu na usajili, hana hasara akikikabidhi kwa msimamizi mwenye daftari na mwenye kuulizwa.

Sheria za mpira wa Tanzania zimejaribu njia ya katikati. Utaratibu uliotangazwa mwaka 2017 kwa klabu za wanachama zinazogeuka kampuni huwaachia wanachama asilimia 51, na wawekezaji hawapiti 49. Nia yake ni njema, kwani huzuia klabu isiuzwe kama ng'ombe mnadani. Lakini asilimia ni hesabu ya nyumba. Humwambia mtu ana vyumba vingapi. Haimwambii kwamba mji hauna vyumba vya kugawana. Klabu iliyolindwa na hesabu peke yake italindwa mpaka siku atakapopatikana wa kuipiga hesabu nyingine.

Stand United haikufutika. Iliendelea kucheza katika daraja la chini, bila mgodi kifuani, na mwaka 2025 ilifika hatua ya mchujo wa kurudi Ligi Kuu, ikashindwa na Fountain Gate. Katika miaka hiyo kampuni iliyoitwa Acacia ilikwisha kumezwa na Barrick, mwaka 2019, na jina lake likatoka sokoni. Shimo la Buzwagi limebaki bila kazi yake ya kwanza. Waliodumu ni wale waliokuwa na kidogo kuliko wote, na walichodumu nacho hakikuandikwa katika mkataba wowote kati ya ile iliyogombewa.